Kuchagua Programu Bila Kumpoteza Irja

Mtaa wa Secord,
Thunder Bay, Ontario.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Lempi,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku kwenye theluji. Hujambo? Goti linaendeleaje tangu daktari akuruhusu kuiacha fimbo? Na mvua ya Sointula imepungua, au bado mnaanika nguo jikoni?

Sisi hatujambo. Baba amepona kikohozi na ameshaanza tena kupanda juu ya paa kuondoa theluji. Ukimkataza, anajifanya hasikii. Mama anasema ndugu yako atakufa akiwa na koleo mkononi.

Katika barua yako uliuliza kama ni kweli kompyuta sasa zinachora zenyewe, na kama Irja bado ana kazi. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na jibu la swali la pili. Leo ninalo, na Irja mwenyewe ameniruhusu nikueleze yote. Alikuficha ili usikose usingizi kwa ajili yake.

Mwezi wa Januari bosi wetu, Réjean, alituita mezani. Wateja walikuwa wameanza kutuhama, wakienda kwa watu wanaoombwa lebo jioni na kuitoa asubuhi. Alisema studio yetu ya michoro lazima ipate programu ya akili mnemba. Kisha akanigeukia: “Aila, wewe hata chumvi ya supu unaipima. Zijaribu, utuchagulie moja.” Halafu akaongeza kwamba akilipia programu inayochora, hataweza kumlipa na mchoraji.

Irja alikuwa amekaa pale pale. Hakuinua kichwa. Alichonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

Nilirudi nyumbani na moyo mzito. Nilikuwa nimepewa mashoka nichague lenye makali ya kumkata binamu yangu. Hata hivyo kazi ni kazi, nikaifanya kwa utaratibu wangu. Nilichukua kazi moja ya kweli, kijitabu cha matangazo cha Mzee Eino Kangas, yule fundi aliyekuuzia jiko la sauna ya kuogea mvuke kwenye nyumba ya ziwani, nikaipa kila programu maelezo yale yale.

Ya kwanza ilinitoa machozi kwa uzuri. Sauna ya magogo, ziwa, mwanga wa jioni, mvuke ukipanda juu ya mawe. Lakini nilipoiomba isogeze ndoo kidogo kushoto, ilichora sauna nyingine kabisa na ziwa likapotea. Haikujua kurekebisha, ilijua kuanza upya tu. Tena picha yake ilikuwa kipande kimoja kisichotenganishika, na nilipoikuza itoshe ubavuni mwa lori la Mzee Eino, ikajaa ukungu.

Ya pili haikuwa mbaya, ila nilisoma masharti yake hadi mwisho. Chochote unachoingiza, wenyewe wanaweza kukitumia kuifundisha programu yao. Michoro ya Irja ya miaka yote, Shangazi, wapewe bure? Niliifunga.

Ya tatu ukiiambia ichore kitu kutoka hewani, inakupa vioja. Mpe mtoto makaa, atachora vizuri zaidi. Lakini ukiiwekea mchoro wa penseli, kama ule wa sauna niliomwomba Irja, inausafisha, inaupaka rangi, inaweka kila kitu kwenye tabaka lake ili ukigusa ndoo usiguse ziwa, na inautoa kwa ukubwa wowote. Masharti yake yanasema wazi kwamba kazi ni yako.

Nilitaka kuichagua hiyo, nikaogopa. Je, ninachagua kwa akili, au kwa sababu Irja ni damu yangu? Réjean naye alikuwa ameshaipenda ile ya kwanza, amesimama mbele ya kioo cha kompyuta akisema, “Mtu gani anaweza kuchora hivi?” Nikamwomba tumwite mteja, tumwonyeshe picha zote mbili, hiyo na ya Irja, bila kumwambia ipi imetoka wapi.

Mzee Eino alikuja na mkewe, Saimi, na buti zao zikachafua sakafu yote. Aliitazama ile nzuri kwa muda mrefu. Réjean akatabasamu. Kisha mzee akauliza, “Hii nzuri sana. Ila moshi unatokea wapi, masikioni?”

Jiko halikuwa na bomba la moshi! Jiko la kuni, moto unawaka, paa limefungwa. Na sisi sote tunaingia sauna kila Jumamosi tangu tukiwa wachanga. Tulikuwa tumekagua rangi, tumekagua kingo, tumepima nafasi kati ya herufi, na hakuna aliyeliona.

“Watu wataingia kuoga,” akasema mzee, “watatoka samaki wa kukaushwa.”

“Na wewe, bosi,” Saimi akadakia, “mara ya mwisho kuingia sauna ni lini?”

“Jumamosi, mama.”

“Mvuke ulikupanda kichwani, mwanangu.”

Hata Irja alicheka, na ilikuwa muda hajacheka pale ofisini. Mzee akauchukua mchoro wa Irja na kutaka mambo mawili: bomba lirefushwe, na mlango ufungukie upande wa ziwa. Irja akachukua penseli, akachora mbele yake, akauingiza kwenye ile programu ya tatu. Wageni walikuwa bado wanakunywa kahawa mchoro ulipokuwa tayari kwa kijitabu, kwa sanduku la majiko na kwa lori.

Réjean akasema, “Basi tunalipia ya tatu. Irja, kiti chako kibaki hapo hapo, tena karibu na dirisha.”

Sitakudanganya kwamba kila mtu amepona. Dale, kijana aliyekuwa akitusafishia picha kutoka kwao Kenora, hatumwiti tena, kwa sababu kazi ile sasa inafanywa na programu. Nimempigia simu na ninamtafutia nafasi kwingine. Jambo hilo bado linaniuma.

Lakini wateja wawili wamerudi, na Irja anatoka kazini mapema kuliko zamani. Ameanza hata kuchora ndege wake tena.

Msalimie Mjomba Arvo, na Tyyne na watoto wake. Baba anasema mwaka huu utakuja, utake usitake. Mungu akutunzie goti na moyo, akufikishie barua hii ukiwa mzima.

Nimekuwekea kijitabu cha Mzee Eino humu ndani. Alikataa kisichapwe mpaka aliyechora atajwe. Vaa miwani, Shangazi, utazame kwenye kona ya chini, mkono wa kulia. Ni jina la binti yako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Aila Rintala