Hatua Thelathini

Tabora, 4 Agosti 1937

Dada yangu Getruda,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe na shemeji Hilari na Josepha. Mimi sijambo, ila jua la hapa mwezi huu linakausha hata wino kwenye kalamu.

Nina habari njema. Bwana injinia amenitoa kwenye kundi la wavuta mnyororo wa kupimia, sasa nakaa naye ofisini. Ilikuwa hivi: tulikuwa barabarani, akauliza kwa utani lile shimo litajaa kwa mikokoteni mingapi ya mawe. Nikalitazama kama marehemu Baba alivyotufundisha, nikasema sitini. Ikaingia sitini na tatu. Tangu siku hiyo kila jambo ananiuliza mimi kwanza. Hajui kwamba mbele ya Baba wewe ulikuwa ukinishinda kila mara.

Sasa nisikilize. Litajengwa lambo kwenye korongo lenu la Nsenda. Ni tuta la udongo, na pembeni yake njia ya kutolea maji yanayozidi. Bwana anataka kujua korongo linaleta maji kiasi gani wakati wa mvua kubwa, na hana muda wa kungoja mvua. Mimi sijaliona likijaa tangu nitoke nyumbani. Nifanyie makisio, uyatume kwa treni ya Jumamosi.

Mdogo wako,
Ambrosi

*

Bukene, 11 Agosti 1937

Mdogo wangu Ambrosi,

Marahaba. Sote wazima, isipokuwa Josepha alikuwa na kikohozi, sasa kinapungua. Nimefurahi sana kwa cheo chako. Hilari naye anakupongeza, anauliza kama huko ofisini mnakalia viti vyenye mgongo.

Jumatatu nilikwenda korongoni naye. Mafuriko ya mwaka juzi yaliacha majani makavu kwenye matawi ya migunga, nikisimama chini yake yananifika kifuani. Kutoka mgunga wa upande huu hadi wa upande wa pili ni hatua arobaini. Kwa kuwa pembeni maji huwa haba, nimehesabu kina cha kiuno kwa upana wote. Mwendo wake naukumbuka mwenyewe. Siku ile maji yalinichukulia kibuyu, nikakikimbilia ukingoni na Josepha mgongoni. Tulikwenda sawa hadi kwenye kichuguu, kisha kikaniacha. Kwa hiyo ni mbio za mama mwenye mtoto.

Maji yote hayo yakizuiwa na tuta ni lazima yapate pa kupita. Ninavyokisia, njia yake isipungue hatua thelathini. Ishirini na tano ningeogopa. Unakumbuka Baba alikuwa akituambia kwenye mzigo wa mpagazi tukosee kwa kupunguza, kwenye maji tukosee kwa kuongeza. Alivusha misafara Malagarasi miaka kumi na minane, hakuna mtu wake aliyekufa majini.

Haya ni makisio, si kipimo. Bwana wako apime mwenyewe kwa mnyororo. Ila asishuke chini ya thelathini.

Dada yako,
Getruda

*

Tabora, 2 Oktoba 1937

Dada yangu,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Unisamehe kuchelewa, kazi zimenizidi.

Makisio yako niliyafikisha, bwana aliyapokea vizuri. Shida ni kwamba wakuu wanataka lambo liishe kabla ya mvua, na upande ule wa kutolea maji kuna mwamba. Kuuchimba ni kazi ya wiki nyingi. Lakini hayo tuachie sisi. Nimesikia Hilari amepata kibarua kwenye tuta, nimefurahi.

Nimependekezwa kuwa msimamizi wa vipimo. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukalia nafasi hiyo. Niombee.

Mdogo wako,
Ambrosi

*

Bukene, 24 Oktoba 1937

Ambrosi mdogo wangu,

Hatujambo. Nakuombea, lakini kwanza nina swali.

Wamechomeka pegi za njia ya maji. Nimezipita kwa miguu: hatua kumi na mbili. Nikadhani nimekosea, nikarudia kutoka upande wa pili. Kumi na mbili. Nikamuuliza nyapara, akasema, "Ndivyo ramani ilivyo, mama. Mimi nachimba ninachoambiwa."

Chini ya tuta tumegawiwa majaruba ya mpunga, sisi na nyumba nyingine kumi na moja. Hilari ameshalima letu, hana usemi mwingine siku hizi isipokuwa mpunga.

Ulimwambia bwana thelathini? Nijibu hilo tu.

Dada yako,
Getruda

*

Tabora, 15 Novemba 1937

Dada,

Shikamoo. Nilimwambia. Wameinua tuta juu zaidi ili kufidia ule wembamba, ni hesabu za kitaalamu, kuzieleza kwa barua ni vigumu.

Nyapara amelalamika kwamba kuna mwanamke anapitapita pale akihesabu hatua na kuwatia vibarua hofu. Bwana aliniuliza kama namfahamu. Nakuomba uache, unaniharibia.

Nakutumia kanga, na daftari la Josepha.

Mdogo wako,
Ambrosi

*

Bukene, 20 Machi 1938

Ambrosi,

Mimi mzima. Josepha mzima. Hilari tulimzika Jumatano.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Jumatatu asubuhi ile njia ya hatua kumi na mbili ilikuwa imejaa hadi juu, na maji yalikuwa yanapanda tuta. Nyapara akaita wanaume wapande na magunia ya mchanga. Nilimshika Hilari mkono. Akasema, "Jaruba letu liko pale chini, Getruda. Unataka aende nani?" Walipanda tisa. Tuta lilikatika katikati mchana, sote tukitazama. Wawili walitoka hai. Hilari tulimpata siku ya pili, ameviringishwa kwenye matete. Mume wa jirani yetu Sikuzani hajaonekana hadi leo.

Ijumaa bwana injinia alikuja na mkalimani. Nilimwendea mbele ya watu nikamwambia, "Mdogo wangu alikuletea thelathini. Kwa nini ulichimba kumi na mbili?"

Alinitazama kama asiyeelewa. Akatoa karatasi kwenye mkoba wake. Mwandiko wako naujua, mimi ndiye niliyekushika mkono ulipokuwa unajifunza herufi. Mkalimani aliisoma kwa sauti: "Makisio ya Getruda binti Marko, mwenyeji wa hapo. Hatua kumi na mbili zinatosha."

Kila mtu aliwahi kuniona nikihesabu hatua kule korongoni. Sikuzani alikuwa amesimama karibu nami. Alisogea mbali.

Nieleze.

Getruda

*

Tabora, 27 Machi 1938

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Poleni sana kwa msiba. Nimelia hadi macho yamevimba.

Nitakueleza kweli yote. Niliandika thelathini. Bwana akatazama ramani ya mwamba, akaniuliza, "Una hakika?" Ungekuwa wewe ungesema ndiyo. Mimi nikasema, "Ni makisio tu, bwana." Akasema, "Basi kisia tena. Ikizidi kumi na mbili hatumalizi kabla ya mvua, na nafasi yako nitamtafutia anayejua kazi." Niliandika upya. Akataka jina la mwenyeji aliyeshuhudia mafuriko, nikaandika lako. Sikuwaza kama kuna siku karatasi ile itasomwa.

Sasa wakuu watakuja kuchunguza tarehe kumi na mbili Aprili. Nimewaambia ulinitamkia kwa mdomo, ukataja kumi na mbili. Dada, nakuomba kwa jina la Baba, ukubali kwamba ulikosea. Hawawezi kumfunga mwanamke mkulima kwa kukosea hatua. Mimi watanifukuza, labda wanishtaki. Nikibaki kazini nitamsomesha Josepha. Hilari harudi hata ukisema kweli.

Ichome barua hii.

Mdogo wako akupendaye,
Ambrosi

*

Bukene, 30 Aprili 1938

Ambrosi,

Wakuu walikuja, watatu, wakakaa mezani nje ya shule. Niliwaambia thelathini. Mmoja wao alicheka akasema kupitia mkalimani kwamba mtu hawezi kupima kwa macho. Akanyooshea kidole kanisa, akaniuliza: kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua ngapi? Nikasema mia tatu na arobaini. Akamtuma askari aende akihesabu. Alirudi akasema mia tatu na hamsini na mbili. Hakucheka tena.

Kisha nikatoa barua yako. Sikuichoma. Mkalimani aliisoma yote, na watu walikuwa wengi. Aliposoma mahali uliposema Hilari harudi, Sikuzani alipiga kelele moja, akakaa chini. Bwana wako hakuinua macho. Mkubwa wao alichukua barua akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Nilipoiomba, aliniambia ni mali ya uchunguzi.

Jana tumesomewa walichoamua. Lambo lilikatika kwa sababu ya mvua isiyo ya kawaida, na hakuna mtu mwenye kosa. Haikutajwa thelathini wala kumi na mbili. Katekista anasema wewe umethibitishwa kuwa msimamizi wa vipimo. Sijui kama ni kweli, lakini ninavyokisia ni kweli.

Sikuzani alikuja kunisaidia kukoboa mahindi ya matanga.

Ulimtumia Josepha daftari jingine na ahadi ya shule. Nimelirudisha kwa treni hiihii inayoleta barua. Anauliza kama mjomba wake atakuja kwenye misa ya baba yake. Nimemwambia hana mjomba.

Getruda