Fishi Niliyoirudisha Mara Mbili

Bukavu, siku ya pili ya juma, asubuhi

Kwa yaya yangu Mulonda, kaka yangu mukubwa, Shabunda

Yaya, jambo kwako na kwa wote wa nyumbani. Muko wazima? Papa muguu wake umepona, ama bado anatembea na fimbo? Mama mudogo anaendeleaje na kile kifua? Na wewe huko kwenye mashimo ya zahabu, maji hayajayafunika tena? Mimi mwili uko muzima. Roho ndiyo haiko mahali pake, na ndiyo sababu barua hii nimemupa dereva wa kamio ya mizigo mukononi, sikuipeleka posta.

Mbele hujaendelea, tafadhali toka nje na karatasi hii. Usiisome papa akiwa karibu. Tafuta mahali, ukae.

Yaya, mama yetu hakufa.

Nimeandika maneno hayo nikayaangalia muda murefu. Utasema Bukavu imenitia wazimu. Najua ulitembea siku tatu mpaka kwenye ule muto ambako kamio yake ilianguka, wakakuonyesha makaburi ya wale waliotolewa, wakakuambia wengine maji yaliwachukua. Najua tulikaa kilio, tukazika kikwembe chake, ile nguo yake ya kujifunga, kwa sababu hakukuwa na mwili. Lakini siku ya tano ya juma lililopita nilimushika mukono, na mukono ule ulikuwa na joto. Ngoja nikueleze polepole, maana hata mimi nikieleza haraka ninachanganyikiwa.

Unajua kazi yangu, ingawa papa bado anawaambia watu kwamba mimi ni infirmiye. Simuchomi mutu sindano. Asistan sosiali wa hospitali ni yule anayekaa na mugonjwa akimuuliza: kwenu ni wapi, nani anakupikia, ukitoka hapa utaenda kwa nani. Sisi tunaofanya kazi hiyo katika Kivu nzima tuko na chama chetu, na tangu waliponichagua kuwa sekretere nimejivuna sana, sitakuficha. Katika kila mukutano tunasoma liste ya wagonjwa wasio na mutu. Kila hospitali inaleta fishi, karatasi za maelezo ya watu wake waliopotelewa na jamaa, mimi ninazisoma kwa sauti, wenzangu wanaandika, halafu kila mumoja anaenda kuulizia kwao, sokoni na kanisani. Kuna mwanamuke wa Mumosho aliyekuwa analia hospitalini kwetu miaka miwili. Watoto wake walikuja kumuchukua na mikungu ya ndizi kwa wauguzi wote.

Halafu serikali ikakataza majina ya Kizungu. Wewe ukaacha Petro, mimi nikaacha Fransiska, nikarudia Wabiwa, jina la nyanya. Chama chetu kilikuwa bado kinangoja karatasi ya ruhusa kutoka kwa wakubwa, na watu wa Parti, chama cha serikali, walikuwa wanakuja kukaa nyuma ya mukutano, wanasikiliza tu. Nikaogopa. Ni mimi niliyesimama nikasema tusipokee tena fishi yenye jina lililokatazwa. Wakanipigia makofi. Tangu hapo, fishi ya namna hiyo ikifika ninapiga musitari wa wino mwekundu juu ya lile jina, ninaandika "Jina limekatazwa, andika upya," ninairudisha ilikotoka. Sikuwa ninasoma yaliyoandikwa chini ya lile jina. Niliona ninafanya kazi safi.

Sasa mwaka huu mwenzetu mumoja, Mushagalusa, anayefanya kazi katika hospitali ndogo upande wa Walungu, alisema amechoka na kusomeana makaratasi. Afadhali kila mumoja aende kuwaona wagonjwa wa mwenzake kwa macho. Tukakubali, tukapiga kura, mimi nikaangukia kwake.

Nilifika saa nne ya asubuhi. Wanawake waliopona lakini hawana pa kwenda walikuwa nje kwenye jua, wanachambua maharagi. Mushagalusa ni mutu wa muzaha. Akanionyesha mumoja aliyetupa mugongo, akacheka, akiniita kama Parti inavyotaka tuitane: "Sitwayeni sekretere, huyu njo ulirudishaka fishi yake mara mbili. Mumalize maneno yenu." Na mimi nikacheka. Yaya, nilicheka.

Yule mwanamuke akageuza kichwa. Nikaona sikio la kushoto, ncha yake imepasuka. Unakumbuka lile sikio. Nililipasua mimi mwenyewe nikiwa mugongoni, nikivuta hereni, na yeye alikuwa anawaonyesha wageni akisema, "Hii ni alama ya Fransiska." Amekonda, nywele ni nyeupe, upande mumoja wa uso umelegea. Lakini ni yeye. Nikakaa pale chini katikati ya maganda.

Mushagalusa akaacha kucheka. Nikamuuliza fishi ziko wapi. Akazileta zote mbili, alikuwa amezitunza, alisema hapendi kutupa karatasi ya mutu. Nikaona mwandiko wangu. Wino mwekundu umepita juu ya neno Veronika, jina la mama. Ma-Veronika ni wengi, jina lile peke yake lisingeniambia kitu. Lakini chini, mahali pa maoni, Mushagalusa aliandika hivi: "Alitolewa mutoni na watu wa shamba. Kichwa kiliumia. Hajui kwao. Kila siku anaita Fransiska na Petro."

Maneno hayo yalilala kwenye meza yangu mara mbili. Mara ya tatu Mushagalusa alichoka, akaandika kama nilivyotaka, akaondoa Fransiska na Petro, akatia jina ambalo karani alimuchagulia tu: Riziki. Hiyo nikaipokea. Nimeisoma kwa sauti yangu mbele ya watu katika mikutano minne: Riziki, mwanamuke, hana mutu.

Nikamusogelea. Nikasema, "Mama, ni miye, Wabiwa." Akaniangalia vizuri, na heshima, kama vile wanavyoangalia mutu wa biro ya serikali. Ulimi wake ni muzito, anasema polepole. "Sina mutoto wa jina ile. Wangu anaitwaka Fransiska. Weye unamujua?"

Musimamizi wa hospitali alikuwa amesimama karibu, na yeye ni mutu wa Parti, alama yake iko kwenye koti. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe ni yaya yangu: mama yangu ananiuliza kama ninamujua mutoto wake, na mimi ninaangalia koti la mutu. Halafu nikasema, "Ni miye Fransiska." Nilisema kwa nguvu, kila mutu akasikia. Mama hakulia. Alichukua vidole vyangu akavipeleka kwenye sikio lake. Akauliza kama Petro alikula.

Nilitaka nimulete Bukavu siku ileile. Musimamizi hakukataa, na juu ya jina hakusema kitu. Aliyekataa ni mama. Anasema siku ya kupanda kamio ulimuambia utamufuata umurudishe nyumbani, basi anakungoja wewe. Nimebembeleza, nimelia, ameendelea na maharagi yake. Mushagalusa anasema mvua ya mwaka jana alikaribia kufa kwa mapafu, na mvua nyingine iko karibu.

Papa umuambie wewe, na Mama mudogo aisikie kwenu nyumbani, asiisikie sokoni. Yeye aliolewa na papa nyuma ya kilio, hana kosa. Tutakaa namna gani, wake wawili na papa aliyezeeka, sijui. Tutajua mama akiwa amefika.

Siku ya sita ya juma hili tuko na mukutano. Nitawaambia nilichofanya, na nitaomba kila fishi niliyoirudisha irudi kwangu na majina yake yote. Pengine watanitoa, pengine ile karatasi ya ruhusa itapotea. Fishi zile sikumbuki ni ngapi, na hilo linaniuma, maana kila moja iko na mutu anayeita mutu.

Unisalimie papa, na Mama mudogo umuambie ninamuheshimu kama mbele. Salamu kwa wifi yangu na watoto, na kwa shangazi aliyekunja kile kikwembe tulichozika. Muambie mwenye nguo atakitafuta.

Panda kamio ya kwanza. Pale mulangoni pa hospitali watakuomba kitambulisho, uwaambie Mulonda. Ukifika kwa mama, muambie ni Petro amekuja.

Mudogo wako,
Fransiska