Kwa Baba Yetu Kinyozi, Uliyeomba Hospitali Ukapewa Dawa za Usingizi

Mwaka wa pili umekatika, Baba, tangu ulipofumba macho katika wodi ya majeruhi, na bado damu inatuchemka kila tunapopita barabara ya makao yale ya wazee. Tunakuandikia kwa upendo. Wengine wakisoma, wasome. Hatuna la kuficha.

Ulikuwa kinyozi, na si kinyozi wa kubabaisha. Kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wanaosubiri zamu, ingawa nusu yao hawakuwa hata na nywele za kukata. Walifuata maneno yako. Kwako kila mtu alikuwa "bwana mkubwa", hata mtoto anayelia kwa kuogopa mashine. Shule zikifunguliwa uliwanyoa bure watoto wa mtaa mzima, kisha unamnong'oneza kila mmoja: "Ukiulizwa nani kakunyoa, sema humjui. Nisije nikajaziwa foleni."

Na usafi wako! Shati mara mbili kwa siku, kola imenyooka, kucha fupi. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akikutania kwamba ulioa sabuni, yeye ukamchukua awe shahidi.

Miguu ilipokuwa mizito, ulichagua mwenyewe kwenda makao. "Kuna bustani, na kuna wazee wenzangu wa kubishana nao," ulisema. Akili zako zilikuwa timamu na uamuzi ulikuwa wako, tukauheshimu.

Kisha ukateleza bafuni. Muuguzi wa zamu alikurudisha kitandani. Daktari wa makao alikutazama akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Ni uzee tu, atazoea." Ulipolia kwa maumivu, ukapewa dawa za usingizi ili wengine wasisumbuke. Nasi tukipiga simu, msimamizi alitujibu kwa sauti ya asali: "Mzee anapumzika. Wiki hii kuna mafua humu, msije."

Binti yako kitinda mimba, mpishi wa shule, moyo haukumtulia. Alitoka jikoni na aproni yake, akafika getini, akapita bila kuuliza. Alikukuta umelala vilevile walivyokulaza, midomo imekauka, ndevu zimevurugika kidevuni, wewe kinyozi. Alipofunua shuka, harufu ilimpiga usoni. Vidonda alivyoviona mgongoni mwako hata leo hajaweza kutusimulia vyote.

"Nampeleka hospitali," alimwambia msimamizi.

"Hatoki mtu hapa bila idhini ya daktari wetu. Ndiyo taratibu."

"Kwani huyu ni mfungwa?"

"Dada, usipandishe sauti. Mzee mwenyewe hajalalamika. Amechanganyikiwa, hajui hata alipo."

Ukafumbua macho, Baba. Ulisema polepole, lakini kila aliyekuwa mle chumbani alisikia: "Nipo makao ya wazee. Mguu umevunjika. Tangu nianguke nawaomba hospitali."

Binti yako hakungoja ruhusa ya mtu. Aliita gari la wagonjwa, akasimama mlangoni mikono kiunoni mpaka machela ikapita. Hospitali wakakuta nyonga imevunjika, na sumu ya vidonda imeshaingia kwenye damu. Madaktari wale walihangaika nawe kwa moyo wote, tunawashukuru. Lakini walikuwa wameletewa mtu aliyekwisha.

Kabla hujaondoka ulimwomba binti yako akunyoe. Akaushika wembe kama kisu cha jikoni. Ukamwambia, "Taratibu, bwana mkubwa." Hatukusikia neno lako jingine baada ya hilo.

Wenye makao walikuja msibani na shada la maua. Baadaye wakaja na kifuta machozi, kwa sharti kwamba tufunge midomo. Kitinda mimba wako aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akawafungulia mlango, akawaonyesha njia. Kesho yake alikwenda kwa wakili, naye wakili akamwambia jambo ambalo tungependa kila anayesoma hapa alishike: mtu akizeeka hapungukiwi haki hata moja. Akiumia ana haki ya kutibiwa. Ana haki ya kuambiwa dawa anayomezeshwa ni ya nini, na kuikataa. Ana haki ya kuonana na watu wake, na ya kutoka akitaka kutoka.

Mahakamani, mwenzako wa chumbani, yule dereva mstaafu wa garimoshi uliyezoea kubishana naye kuhusu mpira, alisimama kizimbani na mkongojo wake, akaeleza jinsi ulivyoomba daktari asubuhi na jioni. Wakili wa makao akataka kuonyesha kwamba mzee hana kumbukumbu.

"Mzee, unajua leo ni siku gani?"

"Leo Alhamisi. Na Jumanne msimamizi alikuja kuniuliza kama bado nakipenda chumba changu. Nikamwambia nilimpenda zaidi aliyekuwa akilala kitanda cha pili."

Jaji aliweka kalamu chini. Msimamizi akaanza kutazama viatu vyake.

Umeshinda, Baba. Mahakama imesema ulikufa kwa uzembe, si kwa uzee. Makao yameamriwa kuwafungulia ndugu milango, na kumwacha kila mzee amwone daktari anayemtaka. Lakini yule aliyekutibu kutoka mlangoni bado anavaa koti jeupe na bado anaandika dawa, na wenye makao wamekata rufaa. Wanadhani tutachoka. Hawakukujua wewe, wala hawatujui sisi.

Tunaokukumbuka ni watoto wako (fundi umeme, mwalimu na mpishi), wakwe zako, wajukuu wako, ambao sasa wananyolewa na mtu mwingine na hawaachi kunung'unika, dada yako, yaani shangazi yetu, na dereva wa garimoshi, ambaye siku hizi anaishi kwa kifungua mimba wako na hakuna anayemshinda kwa ubishi.

Maadamu tupo, utakumbukwa. Rufaa ikiitwa, tutakuwa benchi la mbele. Pumzika, Baba. Sisi bado.