Tata, Mashati ya Kijani Hayakushinda

Tata,

Najua, baba yangu, ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, na kwa mara ya kwanza tangu masika nimemaliza sahani.

Tangu tukuzike mambo yaliharibika haraka. Bei ya kahawa ilianguka, mnyauko ukaingia migombani, vijana wasio na kazi wakajaa barabarani. Kwenye chama chetu cha ushirika, zile kambi mbili ulizozicheka kwa kutosalimiana ziliingiwa na hofu, zikaunda uongozi wa mseto. Mimi ndiye karani wao.

Hapo nikakukumbuka ukigeuza kahawa uani kwa reki, ukinifundisha Uingereza ya miaka ya thelathini kana kwamba ni kijiji cha jirani: viwanda vimefungwa, vyama vilivyotukanana vimekaa serikali moja, na barabarani wanaume wenye mashati meusi wanaandamana wakiwatukana Wayahudi. "Usiisifu sana serikali hiyo, Koku," ulisema. "Ilikata posho za wasio na kazi. Lakini watu wengi walikataa kuwapa mashati meusi nchi yao." Nikauliza kwa nini walikataa. Ukacheka: "Hilo haliji kwenye mtihani."

Hukunijibu, Tata. Nami nilihitaji jibu, maana kwetu yalikuja ya kijani. Projestus, yule uliyemfundisha Kidato cha Tatu, alikusanya vijana wakashona mashati ya rangi moja. Walisema shida zetu zimeletwa na familia zilizohamia kutoka Bumbire samaki walipopungua. Zifutwe uanachama, zirudi kisiwani. Walianza na nyimbo, kisha mawe yakaanguka juu ya bati la Ma Yustina, mjane wa mvuvi wa Bumbire. Mimi walinisimamisha sokoni. "Karani, azimio letu la kuwafukuza ulisome vizuri. Tunajua unapopita."

Siku ya mkutano wa ushirika walijaa mbele. Unaijua desturi yetu: kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna, huzungushwa kwanza, kisha karani huishukuru nyumba iliyoitoa, ndipo ajenda zianze. Zamu ilikuwa ya Ma Yustina. Alikiacha kikapu mlangoni akaenda kukaa nyuma kabisa. Kikazunguka, na wenye mashati ya kijani wakachota bila kuuliza.

"Ruka shukrani, Karani," Projestus akasema, huku akitafuna. "Soma azimio."

Nikaliweka azimio mezani. Haukuwa ushujaa, Tata, usianze kujisifu huko. Nilishindwa tu kuruka. Nikasema, kwa sauti ndogo sana, "Tunaishukuru nyumba ya Ma Yustina kwa akamwani."

Taya zikasimama. Kwa desturi yetu, aliyetafuna kahawa ya nyumba hasimami siku hiyo hiyo kuifukuza, na Projestus analijua hilo kama sisi sote. Akataka kutema. Akamwona mama mkwe wake mstari wa pili, akameza.

Bibi mmoja akapaza sauti: "Meza vizuri, mwanangu, halafu utueleze Ma Yustina amekukosea nini!"

Ukumbi mzima ukacheka, hata baadhi ya mashati ya kijani. Tulipopiga kura, mikono ya kuwafukuza ilikuwa michache, na mingine ilishushwa kabla sijaifikia. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ghala. Kulia kwa kushusha pumzi, Tata, siyo kule kwa mazishini.

Hatujapona. Bei bado ni mbaya, mseto umepunguza mishahara, wangu ukiwemo, na kambi zile zinagombana hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Projestus hanisalimii. Lakini mashati ya kijani siku hizi nayaona shambani, yamevaliwa kwa kupalilia, na Ma Yustina amepanda migomba mipya. Sijui Waingereza wako waliamuaje. Labda na wao walitazamana usoni kwanza.

Nilikuwa nimeshafunga begi niende kwa shangazi Miembeni, nikatafute kazi Bukoba mjini, mahali ambapo hakuna anayejua ninapopita. Jana nimelifungua, nguo nimezirudisha kabatini.

Lala salama, Tata. Woga wangu ninao bado. Nakuahidi nitabaki nao hapa hapa Muleba.

Koku wako