Mchumba wa Saumu

Kaka Bakari, shikamoo.

Hamjambo hapo Timbwani? Magoti ya mama yanamsumbua bado? Mimi ni mzima kwa kadiri. Mkono wa kushoto haunyooki tangu bibi wa nyumba niliyoitumikia aliponibana kwa mlango, na nilipopiga yowe akaubamiza tena. Nilitorokea dirishani. Sasa niko kwenye makao ya wanawake waliotoroka waajiri huku ughaibuni, nakula na kulala.

Ile picha ya mchumba wa Saumu uliyonitumia niliwaonyesha wenzangu kwa furaha, mdogo wetu anaolewa. Riziki wa Bombolulu akaninyang'anya simu. "Huyu ni mume wangu," akasema. Msichana wa Changamwe akachungulia, akaenda kutapika. Kumbe naye aliolewa na huyo huyo. Kila mahali jina jipya, mahari taslimu, na baada ya fungate tiketi ya ndege. Riziki alipofika huku, waliomnunua walimpiga mpaka meno ya mbele yakatoka, ndipo akaachia pasipoti.

Tulikaa tukaunganisha tunayoyajua: picha za harusi, sauti zake, nambari zake, nyumba alikowauza. Msimamizi wa makao akawatumia maafisa wa polisi wa Mombasa. Kumbe wao walikuwa na malalamiko ya wazazi wa Kisauni waliopotelewa na binti, ila mtu hawamjui. Sasa wanamjua.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako alikununulia yeye, nami simwamini. Barua anakuletea Riziki mwenyewe, ubalozi unamrudisha nyumbani. Saumu asikie yote kinywani mwake, kisha mpeleke kwa shangazi kule Shika Adabu. Ijumaa mwache huyo mtu aje msikitini kufunga ndoa kama mlivyopanga. Maafisa watakuwepo.

Sasa kaka, nakujua hasira zako. Wallahi hata mimi nimeshamchinja mara nyingi moyoni, na nilifurahi. Lakini ana mke mwingine, Dama wa Kisauni. Riziki alimwona huku akiburutwa kwa nywele hadi kwenye gari, damu zinamtoka masikioni. Alikopelekwa anakujua huyo mtu peke yake. Ukimuua, na Dama umemuua.

Nisalimie mama, na shangazi aliyetulea. Saumu mwambie asilie, bado yuko kwao.

Kabla ya Ijumaa, Riziki akupeleke kwa mama yake Dama. Msalimie, kaa naye kidogo. Kisha nenda msikitini, umpe huyo mtu mkono, umkaribishe.

Ni mimi nduguyo,
Mwanahawa