Kidato cha Tatu B na Kiwanja cha Levolosi

Jumatatu, 8 Agosti 1994

Vipindi mfululizo tangu asubuhi. Chaki imekwisha, nimeandikia vipande. Jiografia, Kidato cha Tatu B, mada ya miji. Kitabu kinaeleza mji wa Ulaya, viwanda katikati na matajiri pembezoni. Wanafunzi wanasinzia. Hata mimi.

Nimewaambia wafunge vitabu. Jumatano tutaigiza kikao. Wachuuzi wa kiwanja cha Levolosi waondolewe au wabaki? Mjini wanasema kiwanja kimeshapata mwekezaji, atajenga jengo la maduka. Siku hizi kila mtu ana mwekezaji wake.

Nafasi tumezigawa kwa kura. Neema, binti wa diwani, kapata mama wa mitumba. Lomayani, ambaye mama yake anauza mitumba palepale kiwanjani, kapata afisa mipango miji. Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Nilitaka kuwabadilisha, nikaacha.

Jumatano, 10 Agosti

Wameigiza. Nimeruhusu Kiswahili, ingawa shuleni kwetu anayekutwa akikiongea anavishwa kibao shingoni. Kwa Kiingereza wangesema sentensi mbili na kukaa.

Lomayani alikuja na koti la kaka yake, mikono imemzidi. Neema alijieleza vizuri sana: watoto, ada, mume mgonjwa. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nakuelewa," akasema. "Ramani ndiyo haikuelewi."

Neema akatazama chini. Nikadhani ameshindwa.

"Basi aliyeichora aje aniangalie usoni."

Hakuna aliyesinzia leo. Hata Mkuu wa shule alikuwa amesimama dirishani. Ofisini kaniambia ile ni siasa, tena siasa ya Kiswahili. Nifundishe kilichoandikwa. Na ziara ya kiwanjani, niliyokuwa nimeipanga baada ya maigizo, ameifuta. Nilijua nitakachofanya kabla sijaufikia mlango.

Ijumaa, 12 Agosti

Kesho si siku ya shule. Nimewaambia wanafunzi: anayetaka kuja aje, mzazi ajue, sare aiache nyumbani.

Elia, mume wangu, hataki. Kiwanda chao kimeuzwa, akawa wa kwanza kupunguzwa, na sasa tunakula mshahara wangu. Kaniuliza kama huo mdahalo utatulisha. Swali la haki. Limeniuma. Naenda.

Jumamosi, 13 Agosti

Bega linauma. Naandika hivyo hivyo.

Walikuja karibu wote. Wengine walipima vichochoro kwa kamba, wengine walihoji. Neema alikaa na Mama Lomayani juu ya robota la nguo. Mama huyu alihama kutoka upande wa Monduli baada ya ng'ombe wao kufa kwa ukame. Kasema hakuja mjini kutafuta utajiri, alikuja kutafuta kesho. Neema akaandika.

Kisha lori la mgambo. Hakuna aliyeonywa. Walianza kung'oa nguzo upande wa barabarani, turubai zikaanguka juu ya nyanya, watu wakakimbia na walichoweza kushika. Kiongozi wao akaniamuru niwaondoe watoto.

"Hawa wako darasani," nikamwambia. "Subiri kipindi kiishe."

Sikuondoka mbele yake.

Lomayani alikuwa ameshalifikia robota la mama yake. "Yeyo, shika huku," alimwambia, kama anavyomwita nyumbani. Mgambo mmoja akanyanyua rungu. Sikufikiri. Nilisimama katikati, likashuka begani kwangu. Yule kijana wa mgambo alishtuka kuliko mimi. Nadhani niliwahi kumfundisha mdogo wake.

Baada ya hapo darasa zima lilibeba. Marobota, mizani, masufuria, mtoto wa mtu. Hawakuniuliza. Wakavipanga ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa kanisa.

Diwani akafika na Landikruza. Akamwona binti yake na ndoo ya vitunguu kichwani. Akafungua mlango wa gari, akamwita apande.

"Shikamoo, baba," Neema akasema. "Bado sijamaliza."

Akavuka barabara na ndoo yake.

Jumapili, 14 Agosti

Kanisani watu wananipa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia siwezi kuuinua. Wapo walionikwepa. Elia kanikanda bega kwa maji ya moto bila kusema neno. Afadhali angegomba.

Jumatatu, 15 Agosti

Mkuu anataka barua ya kuomba radhi, kwa diwani na kwa shule. Mwalimu mwenzangu wa Historia kanishauri niandike tu. Karatasi haina uchungu, anasema, na mimi nina watoto wawili. Najua nina watoto wawili. Sitaandika.

Alhamisi, 18 Agosti

Kikao cha bodi ya shule. Wanaume tupu na sista mmoja. Diwani ni mjumbe, alikaa mkabala nami. Aliongea muda mrefu. Nimewachochea watoto, nimemwaibisha mbele ya wapiga kura, na sasa nyumbani kwake hakuliki. Kila akikaa mezani binti anamuuliza nani kapewa kiwanja, na kwa nini wachuuzi wenyewe hawakuulizwa.

Sista akauliza, taratibu kabisa, kama diwani amemjibu.

Hakumjibu sista pia.

Nikapewa nafasi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yalinitoka. Nikasema nimeajiriwa kufundisha miji, na mji ni huu. Kama kosa ni kwenda bila ruhusa, nililifanya kwa makusudi. Radhi siombi. Nikakaa.

Ijumaa, 26 Agosti

Uhamisho. Shule nyingine, ng'ambo ya Mlima Meru, upande mkavu. Nina hasira mpaka meno yanauma. Nimewaaga Kidato cha Tatu B kwa dakika chache. Kibao cha Kiswahili kilikuwa shingoni kwa Lomayani. Alikivaa kama tai.

Nimepita kiwanjani. Nusu ya vibanda vimesharudi, nguzo mpya, turubai zilezile. Uzio wa mwekezaji umeanza upande wa pili. Sijui nani atashinda. Mama Lomayani hakuongelea hilo. Kanipa sweta, akakataa hela. Huko kuna baridi, kasema.

Elia anafunga vitanda kwa kamba. Nilidhani atabaki mjini kutafuta kazi. Nikamuuliza.

"Nibaki na nani?" akasema, akakaza fundo.

Jumatatu, 12 Septemba

Vumbi. Mlima huku umepasuka ubavuni, huutambui kama umezoea kuutazama ukiwa mjini. Kibo, kilele chenye theluji cha mlima wa mbali, inaonekana asubuhi, kisha inafichwa na mawingu.

Kidato cha Pili, wanafunzi wachache, wameketi kama kanisani. Nimewauliza jambo moja tu: mfereji wa maji unapita kwa nani kwanza, na nani aliamua hivyo?

Wakatazamana. Halafu msichana wa nyuma akanyoosha mkono. Mwingine akampinga kabla hajamaliza.

Sikuwaingilia. Nilivuta kiti, nikakaa karibu na dirisha, nikawasikiliza.