Tumeuzamisha Mwaridi wa Mama, Naye Anarudi Jumapili

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimenawa mikono mara tatu na harufu ya mizizi iliyooza bado haijatoka, naomba unisaidie kabla ya Jumapili kwa sababu siku hiyo mama anarudi.

Mama yangu ni fundi cherehani, wiki ya saba sasa yuko kwa mama mdogo akimuuguza, na alipoondoka hakuniusia lolote kuhusu baba wala masomo yangu, aliniusia mwaridi wake ulio kwenye chungu kibarazani, kwa sababu tawi lake alilikata mwenyewe kwa bibi kabla nyumba ile haijauzwa na walioinunua wakang'oa kila kitu, kwa hiyo hakuna mwingine. Mimi nikauona kama mtihani wa kujua mimi ni mtu wa aina gani, nikafungua daftari, nikawa naumwagilia kikombe kimoja kila asubuhi, naandika tarehe, nahesabu majani. Kisha jirani wa ghorofa ya chini akapanda ngazi na shuka mkononi, akaniambia, "Mwanangu, maua yenu yananifulia nguo mara ya pili, tena kwa matope," nami kwa aibu nikayeyusha mshumaa nikaziba matundu yote matatu ya chungu, na nikajipongeza kwa akili hiyo, mshauri, hata kwenye daftari niliandika.

Majani yakawa ya njano, nikasoma mahali kwamba mmea wenye kiu hugeuka njano, nikaongeza kikombe cha jioni. Yakadondoka, nikaongeza mbolea. Juzi nikarudi mapema kutoka chuoni nikamkuta baba kibarazani na birika, anamimina.

"Baba, unafanya nini?"

"Nauonea huruma tu. Wewe na vitabu vyako, nilijua utausahau."

"Tangu lini?"

"Tangu mama yako aondoke. Birika moja kila mchana. Usimwambie."

Nikakiinamisha chungu, yakatoka maji meusi, nikavuta shina likaja lote mkononi bila ubishi, mizizi imelainika kama tambi zilizolala majini. Baba akatazama, akasema taratibu, "Huu tumeuzamisha wawili," akaingia chumbani akafunga mlango.

Muuza miche wa kona ana mwaridi mwekundu kama ule, ameniambia, "Dada, chungu kilekile, rangi ileile, nani atajua?" na baba anakubaliana naye. Lakini mama akipiga simu huniuliza, "Mwenzangu hajambo?" akimaanisha mwaridi, na jana nimemjibu hajambo, na baada ya kukata simu nikaogopa jinsi sauti yangu ilivyokuwa tulivu. Nibadilishe au niseme?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi, barua yako nimeianza nikiwa nimesimama, nilipofika kwenye mshumaa nikakaa. Nimewahi kujibu watu waliomwagilia maua maji ya sabuni, na mmoja aliyeupa mche wake uji. Kuziba matundu kwa nta, hilo ni jipya kwangu. Mizizi hupumua, mdogo wangu. Wewe uliibana pumzi, baba yako akamalizia na birika.

Mmea wenye kiu hugeuka njano, ni kweli, na unaozama nao hugeuka njano. Ungezamisha kidole udongoni hadi kiungo cha pili ungejua ni upi. Daftari lako lina kila kitu, ila kidole hukukitia hata siku moja.

Sasa acha kunusa mikono. Kwaruza gome la matawi kwa ukucha. Palipo kijani ndani pangali hai, na uozo wa mizizi huchelewa kufika juu. Kata vipande sita, unene wa penseli, urefu wa kiganja, kila kimoja chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Majani mawili ya juu, kama yamebaki, yaache, mengine toa. Vichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, ndani ya kopo lenye matundu ambayo hutayagusa, uvifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, pa mwanga pasipo jua kali. Unyevu tu, mbolea usilete. Usivivute kuangalia kama vimeshika, na nakujua utatamani. Subiri wiki sita. Vingine vitakufa, ndiyo maana nimesema sita.

Maji yasimdondokee jirani: weka sahani chini ya kopo, na ikijaa imwage. Mwenye kumwagilia awe mmoja, wewe. Baba mpandie mchaichai katika chungu chake. Ule unavumilia mtu mwenye birika.

Mwaridi wa kona uache huko kona. Mama yako ameutazama wake kila asubuhi kwa miaka. Ataujua mgeni kabla hajavua viatu. Tena mshumaa umenishtua, lakini "hajambo" yako ya jana imenitisha, kwa sababu ulishaona mizizi.

Usingoje Jumapili. Mpigie leo, baba yako akiwa kando, mseme wote wawili. Pengine atalia. Usikate simu na usimsomee daftari. Akitulia, muulize tawi la bibi alilipanda vipi hata likashika, kisha chukua kisu na ufanye kama atakavyokwambia, hata pale anapotofautiana na mimi.